Barua ya Wazi: Miche ya Mikoko Inahesabiwa, Wanaoipanda Hawahesabiwi

Kwa: Waheshimiwa wenye dhamana ya misitu, mazingira, kazi na kilimo, Mombasa
Nakala: Wakandarasi na wafadhili wa miradi ya mikoko, wakazi wa Mikindani, Jomvu, Junda na Tudor

KUH: HAKI ZA VIBARUA WA MIKOKO, NA MICHE INAYOKUFA KILA MSIMU

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu za heshima. Naandika nikiwa mratibu wa kina mama na vijana wanaofanya kazi ya vitalu na upandaji wa mikoko kando ya hori mbili, yaani mikono ya bahari iingiayo nchi kavu: ile ya Tudor na ile ya Port Reitz.

Tulitaka mambo haya yamalizike ndani. Tulianza kwa mnyapara, tukaenda kwa mkandarasi, kisha tukaandika barua na kuzipeleka kwa mkono mpaka zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi ya kwanza ilisema jambo letu ni la idara nyingine. Ile nyingine ikasema habari za malipo si zao. Ya tatu ikatutaka tulete mkataba wa kazi ndipo itusikilize, na kukosa mkataba ndiko hasa kulikotupeleka pale. Tangu hapo ni kimya. Dau la mnyonge haliendi joshi, na letu limekwama ofisini muda wa kutosha. Ndiyo maana leo tunasema mbele ya watu.

Tunachosema ni hiki: mikoko ya Mombasa inakufa kwa sababu anayeipanda analipwa kwa kuichomeka, na hakuna anayelipwa kwa kuikuza. Mkitengeneza kazi ya kibarua, mti utapona. Mkiiacha ilivyo, mtaendelea kununua miche ile ile kila mwaka.

Thamani ya mikoko hatuhitaji kuhubiriwa. Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko, wa 2017 hadi 2027, unaonyesha Kenya ina hekta 61,271 za msitu huu. Lamu peke yake ina zaidi ya nusu. Sisi Mombasa tuna hekta 3,771, na karibu nusu yake imeandikwa kuwa imeharibika. Msitu huu ulitangazwa kuwa wa serikali tangu 1932, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hajui mwenyewe ni nani. Wazee wetu walijengea nyumba boriti na mapau yake. Kamba, kaa na samaki wachanga hulelewa katika mizizi yake kabla ya kutoka kwenda maji makuu, na mizinga ya nyuki kando ya hori inategemea maua ya mchu, mmoja wa miti ya mikoko. Mvuvi wa dau dogo anayerudi na kikapu chepesi hahitaji ripoti kujua kilichotokea huko ndani.

Sasa tunayataja malalamiko yetu moja baada ya jingine.

1. Tunalipwa kwa kifuko, na tunalipwa kwa kuchelewa

Kazi yetu haifuati saa za ofisi. Inafuata maji. Wakati wa bamvua bahari hupwa mbali, na hapo tunapata saa chache za kuingia matopeni kabla maji hayajarudi. Siku nyingine kina mama wanatoka nyumbani mapema wakiwa wameacha watoto kwa jirani.

Kabla ya siku ya kupanda kuna majuma ya kazi ambayo haionekani kwenye picha. Kuna kuokota mbegu chini ya miti na kutupa zilizotobolewa na wadudu. Kuna kujaza vifuko udongo wa pwani, kujenga kivuli cha kitalu, kung'oa magugu, kuangalia kama maji ya kujaa yanafika kitaluni au hayafiki. Kisha kuna kubeba: beseni kichwani, matope magotini. Malipo huhesabiwa kwa kifuko kilichofika na kuchomekwa. Mche ukifia kitaluni, unakatwa kwenye hesabu yako. Maji yakijaa kabla mnyapara hajamaliza kuhesabu, kilichobaki hakihesabiwi, ingawa kimepandwa na anakiona.

Na hicho kidogo nacho hakiji. Malipo ya bamvua moja huja baada ya bamvua nyingine kupita na nyingine tena, kwa maelezo kwamba pesa za mradi hazijaingia. Sheria ya Ajira ya 2007 haina lugha hiyo. Kibarua wa siku hulipwa mwisho wa siku. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha chini ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Ana haki za mfanyakazi wa mwezi. Nionyesheni kitalu cha mikoko kinachokamilika kabla ya miezi mitatu. Wapo kati yetu waliohudumia kitalu kile kile msimu baada ya msimu, na bado wanaitwa watu wa kutwa.

Ile ofisi iliyotaka tulete mkataba, tunaiomba kwa heshima isome kifungu cha 10. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri. Shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuleta maandishi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Hauangukii mama aliyetoka matopeni.

2. Tunaingia matopeni bila kinga

Sehemu kubwa ya mji huu haijaunganishwa na mfereji wa maji taka, na kinachotoka vyooni humalizikia kwenye hori. Tope tunalolikanyaga lina chupa zilizovunjika, sindano, nepi na vyuma. Chaza walioshika mizizi wanakata kama wembe. Wengi wetu tunaingia kwa champali au miguu mitupu, kwa sababu gambuti tulizoahidiwa zilionekana siku ya uzinduzi zikiwa miguuni mwa wageni.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikatwa na kioo mguuni. Jeraha likaoza. Alijilipia sindano ya pepopunda, akajilipia dawa, akakaa nyumbani bila kuingiza shilingi, na alipopeleka stakabadhi kwa mkandarasi akaambiwa jina lake halimo kwenye orodha. Orodha yenyewe ni daftari la mnyapara. Nilikuwa nimesimama kando ya mama huyu alipoambiwa hivyo, na sijaona jibu lililonikera zaidi ya lile katika kazi hii.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, zote za 2007, hazikuandikwa kwa ajili ya viwanda vya Changamwe pekee. Mwajiri anatakiwa kutoa vifaa vya kinga bila kumkata mfanyakazi, na anatakiwa kuwa na bima ya watu wake. Mradi unaotoka kwenye pesa ya umma, au ya mfadhili anayekuja kupokelewa na viongozi wa umma, usianze bila karatasi ya bima hiyo kuonekana.

3. Tunaagizwa kupanda pasipofaa

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapozama.

Mikoko haioti ovyo. Kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa, unapigwa na maji kila siku. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyokunjana kama magoti, na muia. Ndani zaidi ni mkandaa. Mchu huvumilia chumvi kali ya kule juu maji yanapofika mara chache, na wakati mwingine utaukuta mbele pia. Kikandaa, mkomafi na msikundazi hukaa karibu na nchi kavu. Mtoto aliyekulia Jomvu anakuonyesha haya kwa kidole.

Miradi mingi hupanda mkoko tu. Sababu yake tunaijua: mbegu yake ni ndefu, huanguka kutoka mtini ikiwa tayari imeota, unaichomeka na kusonga mbele. Mchu na mlilana zinataka kitalu, zinataka subira na jicho la mtu aliyezoea. Kwa mkandarasi anayelipwa kwa idadi, mkoko ni haraka. Halafu hutafutwa mahali pa kuupanda papana na peupe, panapotoka vizuri kwenye picha, na mara nyingi hapo huwa ni uwanda wa tope ulio chini mno, ambako maji hukaa saa nyingi kuliko mche unavyoweza kustahimili. Viumbe wadogo wa maganda magumu huganda kwenye shina changa mpaka likalemewa. Mawimbi hulimalizia. Ukirudi baada ya miezi michache unakuta vijiti.

Tena uwanda ule si mahali patupu. Ndege wa pwani hula pale maji yakipwa, na kina mama huokota kome pale pale. Kuufunika kwa miche itakayokufa ni hasara mara mbili.

Tunapomwambia mnyapara kwamba hapa hapashiki, jibu ni kwamba tumekuja kupanda, hatukuja kushauri. Tunawauliza waheshimiwa: katika miradi iliyopita, ni mara ngapi mzee wa hori aliulizwa wapi palikuwa na msitu zamani na ulikufa kwa nini? Maana penye mti uliokufa, kwanza hutafutwa kilichouua. Kama maji yamefungiwa, yafunguliwe. Kama ni taka, ziondolewe. Maji yakishapita sawa na miti mama ikiwa karibu, mbegu hujileta zenyewe na msitu hurudi bila sherehe. Wahandisi wanalijua hili: daraja la Makupa lililofunguliwa 2022 lilikusudiwa, pamoja na kupitisha magari, kuyaachia maji yapite tena pale ambapo tuta la zamani liliyazuia. Busara hiyo ingetangulia kila kitalu.

4. Hakuna anayelipwa kurudi

Siku ya kupanda ina bajeti. Ina hema, viti, maji ya chupa, fulana na kipaza sauti. Siku ya arubaini baada ya hapo haina chochote. Mche unahitaji kuondolewa plastiki iliyouzingira shingo. Unahitaji kuzuiwa mbuzi na nyavu zinazoburutwa, na uliokufa kubadilishwa mapema wakati mbegu bado zipo. Haya yote ni kazi ya mikono, na anayeifanya sasa anaifanya kwa huruma yake, kabla ya kwenda kutafuta ugali mahali pengine.

Desemba 2022 serikali ilizindua lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Hatulipingi. Tunachokiogopa ni namba iliyopandwa kugeuzwa kuwa namba iliyopo. Shamba la mahindi huhesabiwa kwa magunia, hakuna afisa wa kilimo anayeandika mbegu zilizoingia ardhini akaziita mavuno.

5. Udongo unaotoka mashambani

Idara ya kilimo isidhani barua hii haiihusu. Mito Kombeni na Tsalu huteremka hadi hori ya Tudor, na mto Mwache huteremka hadi Port Reitz. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi Mwache hata ukafunika mizizi ya kupumulia, na eneo kubwa la mikoko likafa limesimama. Udongo ule ulikuwa mashamba ya watu wa juu, na waliulilia wao pia.

Mkulima wa mteremkoni anayelima mahindi na mihogo hana mtaji wa kuchimba matuta ya fanya juu, yale ya kuzuia udongo usiteremke, peke yake, na kibarua anayemsaidia analipwa kidogo kuliko sisi. Kila shilingi inayotumika kupanda mikoko mdomoni mwa mto huku kilima kikiendelea kumong'onyoka inatupwa majini. Zungumzeni na wenzenu wa Kwale na Kilifi. Maji hayajui mpaka wa kaunti.

6. Biashara ya kaboni

Hili litakuwa fupi. Gazi, Kwale, wanakijiji walianza mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013 kwenye hekta 117, na fedha za kaboni, yaani malipo kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti yao, zimewapa maji na vifaa vya shule. Nasi watu wanakuja kupima hori zetu. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilivyorekebishwa 2023 inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi wa ardhi baada ya gharama, na asilimia 25 kwa mradi usio wa ardhi, kwa makubaliano yaliyoandikwa. Tunataka kuyaona makubaliano hayo kabla ya yeyote kutia sahihi kwa jina letu.

Waheshimiwa, majibu mengine tumeshayasikia, basi tuyajibu hapa hapa.

Mtasema hawa si wafanyakazi, ni wanajamii waliojitolea. Mtu anayepangiwa saa ya kufika, anayeonyeshwa mahali pa kusimama, anayehesabiwa vifuko na kukatwa akichelewa, ameajiriwa, hata kama malipo yake yameandikwa posho. Kujitolea tunakujua. Tunafagia fuo bure, tunazika maiti wa baharini bure, na siku hizo hakuna mnyapara.

Mtasema kazi ya kitalu ni kilimo, na kima cha chini cha kilimo ni kidogo. Amri za mishahara zilizoanza kutumika Novemba 1, 2024 ziliweka shilingi 16,113.75 kwa mwezi kwa kibarua wa kawaida wa Mombasa kabla ya posho ya nyumba, na takriban nusu ya hizo kwa kibarua wa shambani asiye na ujuzi. Twaelewa kwa nini mkandarasi anaipenda hesabu ya pili. Lakini tunalipa kodi ya nyumba Mikindani na nauli ya matatu ya mjini, tunafanya kazi katika maji taka ya mji, na mti tunaopanda hauvunwi sokoni. Na hata mkitupeleka kwenye hesabu ya shamba, wengi wetu hatuifikii.

Mtasema fedha ni za mfadhili na huchelewa. Hema na vipaza sauti havikuchelewa.

Mtasema wakazi wenyewe ndio wanaokata mikoko kwa makaa na kwa kuni za kupikia pombe. Ni kweli wapo, tunawajua, na tumewahi kuwakemea usiku tukiwa hatuna hata tochi. Mlinzi bora wa mti ni aliye na ujira ndani yake. Kijana anayelipwa kila mwezi kutunza ekari fulani ya hori hatamwacha mwenziwe aingie na panga. Kijana aliyedhulumiwa malipo ya bamvua tatu mnamtaka asimame upande gani?

Na wengine wametuambia pembeni, kwa nia njema, kwamba tukisema hadharani wafadhili watakimbia na hata hicho kidogo kitapotea. Tumelifikiria sana hili, maana kuna nyumba zitakazolala njaa likitokea. Tumekubaliana kwamba mfadhili anayejali mikoko atataka kujua kwa nini inakufa. Asiyetaka kujua hatunzi kitu.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Kwanza, malimbikizo yote ya vibarua yalipwe, kwa orodha itakayobandikwa wazi katika baraza la mtaa ili kila mmoja alione jina lake na aweze kusahihisha.

Pili, kusitolewe kibali cha mradi wowote wa mikoko Mombasa bila mkataba wa maandishi kwa kila kibarua kwa lugha anayoisoma, kima cha chini cha mji, michango ya NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya), vifaa vya kinga, na bima ya majeraha. Malipo yaende moja kwa moja kwenye simu ya kibarua, yasipitie mfukoni mwa mnyapara.

Tatu, malipo ya mkandarasi yagawanywe. Sehemu itolewe wakati wa kupanda, na sehemu kubwa zaidi itolewe kwa miche iliyo hai mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, ikihesabiwa mbele ya wakazi. Ndani ya fungu hilo iwemo mishahara ya watunzaji wa kila mwezi kutoka vijiji vya kando ya hori. Ombi hili tunaliweka juu ya mengine yote; mkilitekeleza hili moja, mengi ya hayo mengine yatajisukuma.

Nne, kabla ya kupanda, mahali pakaguliwe pamoja na wazee na wavuvi wa hapo, na ripoti iseme wazi ni aina gani zilikuwepo, kilichoziua ni nini, na kimeondolewa vipi. Pasipokaguliwa pasipandwe.

Tano, idara ya kilimo ilete mpango wa matuta na miti ya mashambani kwa mabonde ya Kombeni, Tsalu na Mwache, na vibarua wa mpango huo walindwe kwa masharti hayo hayo.

Sita, mikataba yote ya kupanda mikoko Mombasa ya miaka mitano iliyopita iwekwe wazi: nani alilipwa, kiasi gani, kwa miche mingapi, na mingapi iko hai. Tunaiomba chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inawapa siku 21 kujibu, na nakala ya barua hii inaletwa kwenu kwa mkono kwa ajili hiyo.

Tunawaalika pia mje hori. Njooni wakati wa bamvua, maji yakiwa yamepwa, bila hema wala wapiga picha. Tutawaonyesha mahali miche iliposhika na mahali ilipokufa, na watakaowaeleza ni wale wale waliopanda. Gambuti tutawaazima kwa wavuvi.

Siku hizo 21 zikipita bila jibu la maandishi, tutapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, madai ya mishahara katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hapa Mombasa, na suala la msitu katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa kutumia kifungu cha 70 cha Katiba, ambacho hakimtaki mlalamikaji aonyeshe kwanza kwamba yeye binafsi amepata hasara. Daftari za vifuko tunazo, jumbe za simu tunazo, na majina ya walio tayari kutoa ushahidi tunayo.

Wenu kwa heshima,

Mratibu,
kwa niaba ya vibarua wa vitalu na wapanda mikoko,
Mikindani, Mombasa